Gari la Mtumishi Lipimwe kwa Lita

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana siku hizi maofisini, katika vyumba vya walimu na hata barazani baada ya sala ya alasiri, ununuzi wa gari umechukua nafasi ya mbele. Wala si ajabu. Chombo ambacho zamani kilikuwa cha mkurugenzi na tajiri wa mkonge, leo kinaweza kufikiriwa na karani wa Halmashauri, na muuguzi wa Hospitali ya Bombo, na mwalimu wa shule ya msingi. Hayo ni maendeleo, na mfanyakazi hana sababu ya kuyaonea haya.

Lakini ukiyasikiliza mazungumzo yenyewe utaona kasoro moja kubwa. Watu huuliza gari linauzwa kiasi gani, ni la mwaka gani, rangi yake ipi, na namba yake imefika herufi gani. Ni wachache wanaouliza linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja ya petroli. Gari hununuliwa mara moja, lakini hulishwa kila siku. Mtumishi anayeishi kwa mshahara hapati taabu siku ya kununua, maana siku hiyo mkopo uko mkononi. Taabu humjia katikati ya mwezi, mshahara umekwisha na gari limekaa uani kama jahazi lililopwelewa.

Hoja ya makala haya ni moja. Mtumishi wa umma anayeazimia kununua gari lililotumika hana budi kulipima kwanza kwa lita, kisha kwa spea na kutu, na mwisho kabisa kwa sura. Jambo hili linahusu mfuko wake, linahusu akiba ya fedha za kigeni ya Taifa, na zaidi ya yote linahusu uadilifu wake kazini. Gari linalokula kuliko mshahara humfundisha mwenye nalo njia mbaya.

FUNZO LA KATANI

Sisi wa mkoa wa Tanga tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwa kuwa tumelisoma katika mashamba yetu wenyewe. Katika miaka ya 1970 Mwalimu Julius Nyerere alitumia mfano wa katani kuueleza ulimwengu jinsi biashara ya mataifa inavyomwonea mzalishaji maskini. Mwaka 1965 trekta moja lilinunuliwa kwa tani 17 na robo za katani. Mwaka 1972 trekta la aina ile ile lilihitaji tani 42. Mkonge wa Ngomeni haukupungua ubora, wala mkataji wake hakupunguza jasho. Kilichopanda ni bei ya kitu tulichokinunua kutoka nje.

Haukupita muda likaja pigo la mafuta. Kuanzia Oktoba 1973 hadi mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta ghafi ulimwenguni ilipanda karibu mara 4. Mwaka 1979 ikapanda tena, wakati nchi yetu imebeba gharama za vita vya Kagera. Wazee wanakumbuka jinsi magari ya watu binafsi yalivyopigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Hatua hiyo haikuwa adhabu. Ilikuwa ni kukiri kwamba kila lita iliyochomwa kwa matembezi ilikuwa ni dawa isiyonunuliwa au mbolea isiyofika shambani.

Leo hakuna marufuku ya Jumapili. Masharti ya kuagiza bidhaa yalianza kulegezwa mwaka 1984, na magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo usukani wake uko kulia kama unavyofaa kwa barabara zetu, yamemiminika nchini. Hata hivyo jambo la msingi halijabadilika: petroli tunayoichoma tunaiagiza kutoka nje na kuilipia kwa fedha za kigeni. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, bei ya lita moja ilivuka shilingi 3,000, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni mwaka huo. Mwaka 2023 waagizaji wakakumbana na uhaba wa dola. Anayedhani kwamba mambo ya bei ya mafuta ni habari za redio tu, na atazame mfuko wake.

Wapo wanaojipa moyo kwamba bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, likikamilika na kuishia pale Chongoleani, petroli itakuwa rahisi Tanga. Hilo ni tumaini lisilo na msingi. Bomba lile ni la mafuta ghafi ya kupakiwa melini na kuuzwa nje. Faida zake ni ajira, mapato na shughuli za bandari, nazo si haba. Lakini mafuta ghafi hayatiwi katika tangi la gari. Mwenye gari wa Chumbageni ataendelea kusoma bei za kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi, kama mwenzake wa Mtwara.

Tena kuna jambo ambalo wengi wamelisahau. Katika bajeti ya mwaka 2017/2018 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na badala yake ushuru wa kila lita ya mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kodi ya kumiliki gari imehamia ndani ya lita. Mwenye gari linalokunywa sana hulipa kodi kubwa kila asubuhi anapowasha injini, na mwenye gari lenye kiasi hulipa kidogo. Sheria yenyewe imekwisha kutuonyesha njia.

HESABU YA MUHEZA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tufungue daftari.

Tumchukue mwalimu anayekaa Muheza na kufundisha Tanga mjini. Umbali ni kilomita zipatazo 35, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 70. Kwa siku 22 za kazi atatembea kilomita 1,540 kwa mwezi. Kwa ajili ya hesabu tuseme lita moja ya petroli ni shilingi 3,000. Msomaji aweke bei ya mwezi wake. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litahitaji shilingi 308,000. Gari kubwa linalokwenda kilomita 8 kwa lita litahitaji shilingi 577,500. Tofauti ni shilingi 269,500 kwa mwezi, na kwa miezi 10 ya masomo ni shilingi 2,695,000.

Sasa tulinganishe. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000. Nyongeza yote hiyo, iliyopiganiwa na wafanyakazi na kutangazwa kwa shangwe siku ya Mei Mosi, ni shilingi 130,000. Mwalimu wetu akichagua gari lisilomfaa ataipoteza nyongeza ya namna hiyo mara mbili katika kituo cha mafuta, wala hatasikia mtu akimpigia makofi.

Hesabu hiyo hiyo huleta jibu jingine kwa mtu mwingine. Mtumishi anayekaa Makorora na kufanya kazi katikati ya mji pengine hatembei zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Kwa mwezi ni kilomita 220. Gari dogo litamtaka shilingi 44,000, na kubwa shilingi 82,500. Tofauti ni shilingi 38,500, ambayo yaweza kumezwa na shokapu moja. Huyu, kabla ya kuuliza ni gari gani anunue, ajiulize kama analihitaji gari lenyewe. Tanga ni mji tambarare, na sifa yake ya tangu zamani ni baiskeli. Afisa anayefika kazini kwa baiskeli kwa wakati, shati limenyooka na hadaiwi na mtu, ana heshima kuliko anayefika kwa gari la mkopo huku akikwepa simu za wanaomdai.

Kanuni za utumishi zinataka makato yasimwache mfanyakazi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini haijui habari za petroli. Mtu aweza kukatwa mkopo wa gari akabaki na theluthi yake kamili kwenye karatasi, kisha theluthi hiyo ikamalizwa na tangi. Aliyefika hapo huanza kuondoka shuleni mapema ili akabebe abiria, au huyatazama mafuta ya gari la ofisi kwa jicho la tamaa, au humtazama mwananchi aliyekuja kutafuta huduma kama mtu wa kumjazia lita 5. Rushwa nyingi ndogo ndogo hazianzi kwa mtu mbaya. Huanza kwa mtu aliyejitwika mzigo usiolingana na kipato chake.

MTEGO WA BEI NAFUU

Sokoni kuna mtego ambao umewanasa wengi. Magari mawili yamesimama pamoja, bei yao ni moja, tuseme shilingi milioni 11. Moja ni dogo, lenye injini isiyofika ujazo wa sentimita 1,000. La pili ni kubwa, la kifahari, viti vyake laini, injini yake 2,400 au zaidi. Mnunuzi hujiona mjanja akichukua kubwa: kwa fedha ile ile amepata gari la bosi. Hajiulizi kwa nini gari lililokuwa na thamani mara tatu ya lile dogo lilipokuwa jipya limeshuka hadi bei hiyo. Jibu ni kwamba soko limekwisha kupiga hesabu ambayo yeye hakuipiga. Mwenye nalo ameshindwa kulilisha, na anamtafuta wa kumpokea mzigo. Ndiyo maana waungwana wa pwani wakasema rahisi huvunja upishi.

Mtego wa pili ni herufi za namba. Watu husifu gari kwa sababu herufi zake ni za karibuni. Lakini herufi hizo hueleza ni lini gari liliandikishwa hapa nchini. Hazielezi ni lini lilitengenezwa. Gari lililoundwa mwaka 2003 likaingia nchini miaka mingi baadaye lina namba changa na mifupa ya kizee. Mwaka wa kutengenezwa utafutwe katika kadi na katika namba ya chesisi.

Kwa anayeagiza mwenyewe kutoka Japani, kodi nayo ina lugha yake. Katika ushuru wa bidhaa, injini isiyozidi ujazo wa 1,000 imewekewa asilimia 0, ya 1,001 hadi 2,000 asilimia 5, na inayozidi hapo asilimia 10. Juu ya hayo kuna ushuru wa uchakavu kwa magari ya zamani, ambao huwa mzito zaidi gari likivuka miaka 10. Jirani zetu wa Kenya, ambao mpaka wao wa Horohoro uko karibu nasi, wamekataza kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tumeliacha mlango wazi lakini tumeweka bei mlangoni. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo chake ambacho mtu yeyote aweza kukitazama kabla hajatuma hata senti moja ng'ambo. Asiyekitazama ndiye anayelia bandarini.

GARI LIPI?

Makala haya hayalengi kumfanyia biashara mtengenezaji yeyote. Lakini msomaji ana haki ya kutajiwa majina, kwa hiyo tuyataje.

Katika daraja la injini ya 1,000, Toyota Vitz ndilo lililoenea zaidi. Lilianza kutengenezwa mwaka 1999 kuchukua nafasi ya Starlet, na huko Ulaya, likiitwa Yaris, lilitunukiwa kuwa Gari la Mwaka 2000. Pamoja nalo kuna Toyota Passo, lililotoka mwaka 2004. Magari haya, yakitunzwa, huenda kilomita 14 hadi 17 kwa lita katika safari za kawaida. Zile kilomita 20 na zaidi zilizoandikwa na watengenezaji ni vipimo vya maabara, ambamo hamna mchanga wala abiria watano.

Katika daraja la 1,300 hadi 1,500 kuna Toyota IST, Mazda Demio, Honda Fit na Suzuki Swift. Hula zaidi kidogo, lakini yana nguvu ya kutosha kwa familia na safari ndefu. Chini kabisa kuna vile vigari vya injini ya 660, ambavyo Wajapani huvitengenezea miji yao. Kwa mizunguko ya Ngamiani ni kiasi kizuri. Kwa kupanda Mombo hadi Lushoto ukiwa na watu wanne na gunia la viazi, ni kukitesa chombo.

Yapo pia magari ya petroli na umeme kwa pamoja, kama Toyota Aqua lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2011. Kwa lita yanashinda yote tuliyoyataja. Lakini betri yake kubwa huchakaa, na kuibadilisha ni gharama ambayo yaweza kula akiba yote ya petroli. Asinunue gari la namna hiyo asiyekuwa na fundi anayelijua.

Na fundi ndiye jambo la msingi. Gari lililo jingi mjini huwa na spea nyingi, za duka na za mtumba, na mafundi waliokwisha kulifungua mara mia. Gari la nadra, hata likiwa hodari wa kubana mafuta, litamlaza mwenyewe wiki mbili akisubiri kifaa kutoka Kariakoo. Kabla ya kununua, mtu aende katika gereji tatu za hapa Tanga aulize: gari hili likiharibika gia boksi, nitapata wapi? Wakikohoa kabla ya kujibu, atafute gari jingine.

Mtu asidhani kwamba gari lililotumika ni takataka za Japani. Sheria za nchi ile hulitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi wauze magari ambayo bado yana nguvu. Ubaya haumo katika kutumika. Umo katika kufichwa kwa habari. Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma. Gari lililopata ajali hupakwa rangi. Ndiyo maana anayeagiza adai karatasi ya mnada, na akiona daraja la R ajue kwamba gari hilo lilipata ajali na kutengenezwa.

Anayenunua hapa nchini aende asubuhi, injini ikiwa baridi, na aombe iwashwe mbele yake. Moshi wa samawati maana yake injini inachoma oili. Moshi mweupe usiokwisha maana yake maji yanaingia pasipo pake. Moshi mweusi maana yake petroli inachomwa ovyo, na hilo ndilo gari ambalo litaifuja hesabu yetu ya Muheza hata kama ni dogo. Kisha akague kadi na deni la faini za barabarani, maana faini huandamana na namba ya gari, na amiliki kwa jina lake katika Mamlaka ya Mapato siku zile zile.

CHUMVI NA KUTU

Pwani yetu ina adui ambaye mnunuzi wa Dodoma hamjui vema. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula chuma usiku na mchana. Gari linalolala Raskazone au Mwambani halizeeki sawa na lile la bara. Tena yapo magari yanayotoka katika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Hayo huja na kutu yao tayari, nasi tukawaongezea ya kwetu.

Kwa hiyo mnunuzi wa Tanga asitosheke na kung'aa kwa bodi. Ainamishe kichwa chini ya gari. Ainue zulia la sakafuni. Atazame matao ya tairi, mabomba ya breki na viungo vya chesisi. Rangi hupakwa upya kwa siku moja. Chesisi iliyoliwa haina tiba ya bei nafuu. Akishalipata, alioshe chini kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara, hasa baada ya kupita ufukweni au katika madimbwi ya masika. Kazi hiyo haimgharimu zaidi ya ndoo chache na nusu saa.

Aangalie na tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu 4 zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi kuukuu lenye meno mazuri hupasuka kwa joto katika barabara ya Segera, na gari dogo likipasukiwa mbele ya lori halina la kujitetea. Kubana matumizi kusiwe kubana uhai. Tairi lenye upepo kamili, plagi safi, kichujio cha hewa kisichozibwa na vumbi, na mwendo wa kilomita 80 badala ya 110, hupunguza mafuta na huokoa roho kwa wakati mmoja.

BARABARA ZETU

Atasema msomaji wa Kilindi au Maramba: haya yote ni ya watu wa lami. Hoja yake ina haki. Gari dogo liko chini chini. Masika yakishika, barabara ya udongo haimhurumii mtu. Mwalimu anayepanda kwenda Amani kila siku akiambiwa anunue Vitz atakuwa ameshauriwa vibaya, na baada ya miezi 6 atakuwa amemlipa fundi alichookoa kwa petroli.

Jibu ni kwamba kila mtu apime barabara anayoipita siku nyingi za mwaka, wala asiipime ile anayoipita Idi na Krismasi. Wako watu mjini walionunua gari kubwa kwa sababu mara moja kwa mwaka huenda kijijini kwao Handeni. Siku 360 wanalisha gari kubwa kwa ajili ya siku 5. Kukodi gari kwa siku hizo, au kupanda basi kama wananchi wengine, kungewagharimu sehemu ndogo tu. Na kwa yule ambaye barabara yake kweli ni mbaya mwaka mzima, pikipiki inayotunzwa, yenye kofia ngumu na leseni halali, yaweza kuwa jibu la haki kuliko gari lolote analolimudu.

Hali inabadilika vilevile. Barabara ya Horohoro ina lami. Barabara ya Tanga hadi Pangani, iliyokuwa ya vumbi kwa miaka mingi, imekuwa ikijengwa kwa lami katika mradi unaoungana na Saadani na Bagamoyo. Kadiri lami inavyosogea, ndivyo sababu ya gari kubwa inavyopungua.

WAJIBU WA VIONGOZI

Ingekuwa unafiki kumhubiria mwalimu kubana lita wakati viongozi wake wanapita wakiwa mmoja mmoja katika mashangingi. Mtoto hujifunza kwa kuona, na mtumishi wa chini vilevile. Lugha yetu ilipata neno Wabenzi katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuja, pamoja na mengine, kuukata mzizi wa fikra kwamba cheo hupimwa kwa ukubwa wa gari. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyeshika madaraka hayo mwaka 2008 hadi 2015, alilipigia kelele jambo hilo hilo la mashangingi ya serikali. Halmashauri ya mji tambarare kama Tanga ieleze kinagaubaga kwa nini afisa wa kwenda benki na posta anahitaji gari la kupandia milima.

Viko na vyombo vinavyoweza kusaidia bila kusubiri bajeti. Vyama vya akiba na mikopo vya walimu, kabla ya kumwidhinishia mwanachama mkopo wa gari, vimtake aandike katika karatasi moja: kilomita zake kwa mwezi, lita zake, bei ya lita, na kinachobaki. Karatasi hiyo itawaokoa wengi. Chuo cha VETA na mafundi wenye uzoefu wangeweza kuwapa watumishi mafunzo mafupi ya kukagua na kutunza gari, ili mtu asipelekwe kama kipofu sokoni. Na Serikali iendelee kulilinda lile pengo la ushuru kati ya injini ndogo na kubwa, na kuupanua ikibidi. Zaidi ya yote, usafiri wa abiria kati ya Muheza, Pongwe na mjini ukiwa wa uhakika na wa heshima, watumishi wengi watagundua kwamba gari walilokuwa wanalitaka lilikuwa ni basi linalokuja kwa wakati.

Gati za Tanga zimepanuliwa na kina chake kimechimbwa, na meli kubwa ambazo zamani zilipakuliwa kwa matishali mbali na nchi kavu sasa zinafunga gatini. Magari yatazidi kuja, na yatakuja karibu zaidi na milango yetu. Vishawishi vitaongezeka pamoja nayo. Mwalimu ambaye kila siku humfundisha mtoto kujumlisha na kutoa asishindwe kuifanya hesabu hiyo kwa ajili ya nyumba yake. Achukue kalamu, aandike kilomita, agawanye kwa lita, azidishe kwa bei, kisha akitazame kilichobaki cha mshahara. Kikitosha kulisha watoto, kulipa ada na kuweka akiba, na anunue, Mwenyezi Mungu ambariki na chombo chake. Kisipotosha, aliache gari pale pale liliposimama na kuondoka kwa miguu akiwa mtu huru.